Bondia Aliyekataa Kuanguka: Maisha ya Amadou M'Barick Fall, Maarufu Battling Siki

 

Tukishatoka tarawehe, barazani hakukosi mjadala, na wewe wajua vile mijadala yetu huenda. Siku moja mazungumzo yaliangukia wanamichezo Waislamu. Jina la Muhammad Ali likatajwa, kama kawaida, na kila mtu akakubali. Kisha mmoja wetu akataja jina la Mwafrika aliyetwaa ubingwa wa dunia miaka 42 kabla ya Ali, Battling Siki wa Senegal. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kijana mmoja akasema huyo alikuwa mlevi na mgomvi, aliyepigwa risasi usiku barabarani, na haifai jina lake litajwe mwezi kama huu. Mwengine akasema ni shujaa wa Waafrika, hayo mengine ni uongo wa wazungu. Mzee mmoja aliyekuwa akituskiza kimya akatuuliza swali moja tu: ni nani kati yetu aliyewahi kuyachunguza maisha yake? Hakuna aliyeinua mkono.

Basi nikatoka pale na deni. Sura ya Hujurat inatutaka tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika, tuichunguze kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Hebu tuichunguze habari ya mtu huyu, kisha tuone twamhukumu vipi.

MTOTO WA KISIWANI

Jina lake la kuzaliwa ni Amadou M'Barick Fall. Majina hayo yenyewe yanatuambia alikotoka. Amadou ni Ahmad kwa matamshi ya kule Afrika Magharibi, na M'Barick ni Mubarak, yaani aliyebarikiwa. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Saint-Louis, Senegal, mji ambao wenyeji wanauita Ndar.

Ukitaka kuuona mji huo akilini, anza na Mombasa. Nao ni mji wa kale juu ya kisiwa, pale mto Senegal unapokaribia kuingia baharini. Una wavuvi na wafanyabiashara, una misikiti na vyuo vya kufundishia watoto Qur'ani. Wafaransa waliuanzisha kama kituo chao mwaka 1659, na ukawa makao yao makuu ya utawala wa Afrika Magharibi mpaka mwaka 1902, yalipohamishiwa Dakar. Mwaka ule ule aliozaliwa Amadou ndipo lilipofunguliwa daraja kubwa la chuma, daraja la Faidherbe, linalokiunganisha kisiwa na bara. Kwa ufupi, alizaliwa mjini, katika jamii ya Kiislamu, mahali palipokuwa na taa, maduka na meli.

Nayataja haya makusudi. Shika jambo hili moja, ndugu msomaji, maana tutalirudia: mtu huyu alikuwa mtu wa mjini.

Namna alivyofika Ufaransa inasimuliwa kwa njia zaidi ya moja. Hadithi iliyoenea sana ni kwamba mwanamke mmoja wa Kizungu, msanii wa jukwaani, alipita Saint-Louis, akapendezwa na mtoto huyo mchangamfu, akamchukua kwenda naye Ulaya. Iwe ni hivyo au vinginevyo, matokeo yake ni yale yale. Akiwa bado mtoto, Amadou alijikuta kusini mwa Ufaransa, hana baba wala mama karibu, hana ami wala mjomba, hana mwalimu wa chuo wa kumwamsha alfajiri. Aliosha sahani mikahawani, akafanya vibarua vya kila aina. Alipofikia umri wa miaka kama 15 akaingia ulingoni, na huko ndiko alikopewa jina la Battling Siki. Siki halikuwa jina la kwao. Ni jina la ulingo, na dunia ikalishika hilo, ikasahau lile la Mubarak.

Kijana anayesoma haya na ana mzazi wa kumgombeza akichelewa kurudi nyumbani, na ashukuru. Huyu mwenzetu hakuwa naye.

ASKARI WA VITA VYA WENGINE

Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza. Siki akaingia jeshi la Ufaransa, katika kikosi cha askari wa miguu wa kikoloni, akiwa na miaka 17 hivi. Alipigana, akajeruhiwa, na akatunukiwa nishani za ushujaa, ikiwemo ile ya Croix de Guerre wanayopewa walioonyesha ujasiri mbele ya adui.

Huku kwetu nako, wakati huo huo, babu zetu walichukuliwa kwa maelfu kubebea mizigo jeshi la Waingereza lililokuwa likipigana na Wajerumani Tanganyika. Wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi umebakia na jina la kikosi hicho cha wapagazi. Kwa hivyo tukisoma kwamba kijana wa Senegal alimwaga damu kwa ajili ya Ufaransa, tusione ni hadithi ya mbali. Ni mambo ya vizazi vile vile.

Vita vilipokwisha alirudi ulingoni. Kati ya mwaka 1919 na 1922 alipigana Ufaransa na nchi nyengine za Ulaya, ikiwemo Uholanzi, ambako alipata mke na mtoto wa kiume. Alishinda mapambano mengi. Alikuwa na mwili wa chuma, kasi ya mikono, na mtindo wa kuruka na kupiga kutoka pembe ambazo mpinzani hakuzitarajia. Pamoja na hayo alizungumza lugha kadhaa, alizojifunza kwa kuishi na watu bila kukaa darasani. Kipaji alikuwa nacho, hilo hata maadui zake hawakulikana.

JUMAPILI YA TAREHE 24 SEPTEMBA 1922

Bingwa wa dunia wa uzani wake, yaani ratili 175 au kama kilo 79, alikuwa Mfaransa Georges Carpentier. Huyu alikuwa kipenzi cha taifa. Alikuwa mzuri wa sura, mvaaji, rubani wa ndege za kivita aliyerudi na nishani. Mwaka 1921 alikwenda Marekani kupigana na Jack Dempsey, bingwa wa uzani wa juu kabisa, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Alipigwa nokauti, lakini nyumbani mapenzi hayakupungua. Sasa mwaka 1922 alitafutiwa pambano jepesi la kufurahisha watu wa Paris, na aliyechaguliwa kuwa jepesi hilo ni Siki.

Pambano lilifanyika katika uwanja wa Buffalo, nje kidogo ya Paris, mbele ya watu wapatao 40,000. Mambo yalianza kiajabu. Katika raundi ya kwanza Siki aliguswa, akaenda chini, na walioona walishangaa maana konde lenyewe halikuonekana kuwa zito. Akainuka. Raundi ya 3 akaenda chini tena. Halafu pakageuka. Yule aliyekuwa akijikunja na kurudi nyuma akaanza kurusha makonde, na kila raundi iliyofuata uso wa Carpentier ukawa unavimba. Ilipofika raundi ya 6 bingwa alikuwa chini, hawezi kuinuka.

Hapo refa akatangaza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema Siki amemtega mguu Carpentier, hivyo ameondolewa mchezoni na Carpentier ndiye mshindi. Umati ukapasuka kwa kelele. Na hapa yataka insafu: umati huo ulikuwa wa Wafaransa, watu wa rangi ya Carpentier, waliokuja kumshangilia Carpentier. Lakini walikuwa wameona kwa macho yao, na hawakukubali dhuluma. Kelele hazikunyamaza mpaka waamuzi wakaketi, wakajadiliana, wakaubatilisha uamuzi wa refa. Siki akatangazwa bingwa wa dunia. Alikuwa wa kwanza kutoka bara la Afrika kufika hapo.

NJAMA NA TOBA YA ULINGONI

Kwa nini alianguka kwa makonde mepesi? Miezi miwili hivi baadaye Siki mwenyewe alieleza. Alisema pambano lilikuwa limeuzwa. Kwa maelezo yake, wakubwa walikubaliana aende chini katika raundi za mwanzo, kisha katika raundi ya 4 aanguke asiinuke. Meneja wake alikuwa ndani ya mpango huo. Siki aliingia ulingoni akijua anachotakiwa kufanya, na alianza kukifanya. Lakini alipokuwa pale, mbele ya watu wale wote, akipigwa na mtu aliyeona anaweza kumshinda, moyo ulikataa.

Upande wa Carpentier ulikana. Sisi hatukuwepo na hatuwezi kuapa. Lakini yale yaliyoonekana na watu uwanjani, kule kuanguka bila sababu na kule kubadilika ghafla, yanaafikiana na maneno ya Siki kuliko ya waliomkana.

Sasa tusimpambe zaidi ya haki yake. Kama habari ni hiyo, basi Siki hakuwa malaika. Aliingia ulingoni na mpango wa udanganyifu mfukoni, na raundi za mwanzo aliutekeleza. Msafi kabisa angekataa tangu ofisini kwa meneja. Hata hivyo, fikiria hali yake. Alikuwa Mwafrika katika nchi ya watawala wake, riziki yake yote mikononi mwa meneja, na kukataa ni kupoteza kazi. Njia rahisi ilikuwa kubaki chini hadi 10, achukue pesa, aende nyumbani. Aliinuka akijua kwamba anajitengenezea maadui ambao hawatamsamehe. Wengi wetu hutubia tukishazeeka au tukishaumwa. Huyu alitubia kosa lile akiwa ndani yake, mbele ya watu 40,000, na gharama yake aliilipa.

BINGWA ASIYETAKIWA

Gharama ilianza kulipwa mapema. Kwanza yalikuja magazeti. Ulaya na Marekani yalimchora kama nyani aliyefunzwa kuvaa suti. Yalimwita mtoto wa msituni. Hata meneja wake aliwaambia waandishi maneno ya namna hiyo. Unakumbuka nilikuomba ushike jambo moja? Siki mwenyewe alilalamika kwamba maisha yake yote ameishi mijini na msitu wenyewe hajawahi kuuona. Nani alimsikiza? Habari ya Mwafrika aliyezaliwa kwenye mji wa zaidi ya miaka 200, anayezungumza lugha kadhaa, mwenye nishani ya vita, haikuuza magazeti. Ya nyani iliuza.

Lakini na yeye, ukweli usemwe, aliyapa magazeti mengi ya kuandika. Alitembea barabara za Paris akiwa na mtoto wa simba kwa mnyororo. Alikuwa na mbwa wakubwa, na alifyatua bastola hewani kuwachezesha. Alivaa kofia ndefu na majoho ya fahari, akaingia baa na kutoka baa, akilewa na kuwanunulia watu pombe. Husimuliwa pia kwamba alikuwa mwepesi wa kugawa, akimpa pesa yeyote aliyemkuta na shida. Pesa za pambano ziliingia kwa mkono huu na kutoka kwa ule.

Kisha zikaja serikali. Alikuwa amepangiwa kupigana London na Muingereza Joe Beckett mwezi wa Disemba 1922. Wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ikalipiga marufuku pambano hilo. Hofu yao ilikuwa kwamba Mwafrika akimpiga mzungu hadharani, watu weusi wanaotawaliwa na Uingereza watapata fikra mbaya. Sisi wa Kenya tunaielewa hofu hiyo. Mwezi wa Machi mwaka huo huo wa 1922, wananchi waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe walimiminiwa risasi. Utawala unaoua watu kwa kusimama nje ya kituo cha polisi, utaacha vipi mweusi aonekane akimwangusha mzungu?

Ufaransa nayo haikukawia. Mwezi wa Novemba Siki aligombana na meneja wa bondia mwengine katika pambano ambalo yeye alikuwa msaidizi tu kando ya ulingo, na shirikisho la ndondi likamfungia miezi 9. Kosa lilikuwepo. Lakini adhabu ilikuwa nzito mno kwa kosa lile, na watu waliona harufu ya kisasi. Blaise Diagne, Mwafrika aliyechaguliwa mwaka 1914 kuiwakilisha Senegal katika bunge la Ufaransa, alisimama bungeni kumtetea. Na katika gazeti dogo la wapinga ukoloni mjini Paris, liitwalo Le Paria, kijana mmoja wa Vietnam aliandika juu ya Siki akiwacheka watawala. Kijana huyo baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ho Chi Minh. Ona basi, konde la mtu mmoja wa Ndar lilivyofika hadi kwa watu wa mbali wanaodai uhuru.

DUBLIN

Mpaka leo watu humcheka Siki kwa jambo moja. Wanasema alikuwa mjinga kiasi cha kukubali kutetea ubingwa wake dhidi ya Mwairish, Mike McTigue, ndani ya Dublin, tarehe 17 Machi 1923, siku ambayo Waairish wote huadhimisha mtakatifu wao Patrick. Nani atashinda hapo?

Wanaocheka hawasemi kwamba Ufaransa ilikuwa imemfungia na Uingereza imemkataa. Alikuwa bingwa asiye na mahali pa kupigana, na bingwa asiyepigana hali. Dublin ndipo mlango ulipokuwa wazi, hata kama nje ya mlango kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jioni ile mlipuko uliskika karibu na ukumbi. Walipigana raundi 20 na McTigue akapewa ushindi kwa pointi. Ubingwa ulioshikwa Septemba ukaachwa Machi. Haukufika miezi 6.

MWISHO WA NEW YORK

Septemba 1923 Siki alivuka bahari kwenda Marekani. Alitarajia kupata mapambano makubwa ya pesa nyingi. Alichokuta ni nchi ambayo tangu Jack Johnson kupoteza mkanda wa uzani wa juu mwaka 1915, mweusi hakupewa tena nafasi ya kuugombea, na haikutolewa mpaka kwa Joe Louis mwaka 1937. Mwezi wa Novemba 1923 alishindwa na Kid Norfolk, Mmarekani mweusi mwenye ujuzi mkubwa, katika ukumbi wa Madison Square Garden. Machi 1925 alisimamishwa na Paul Berlenbach katika raundi ya 10. Mwili ulikuwa ukichoka, na mazoezi hakuyafanya tena kama zamani.

Wakati huo uuzaji wa pombe ulikuwa marufuku Marekani nzima. Hilo halikumsaidia, kwani pombe ya magendo ilijaa mitaani na ilikuwa mbaya zaidi. Aliishi Hell's Kitchen, mtaa wa magenge upande wa magharibi wa Manhattan. Alikamatwa mara kwa mara kwa ulevi na ugomvi. Alioa tena huko ilhali mke wa Uholanzi bado yuko. Alikuwa na madeni. Idara ya uhamiaji ikaanza mipango ya kumfukuza nchini.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Disemba 1925 alikutwa amelala kifudifudi katika barabara ya 41, si mbali na kwake. Alikuwa amepigwa risasi mbili mgongoni. Umri wake ulikuwa miaka 28. Hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Alizikwa makaburi ya Flushing, huko huko New York, maelfu ya kilomita kutoka alikozaliwa, na akakaa huko miaka 67. Mwaka 1993 mabaki yake yalirudishwa Senegal na kuzikwa Saint-Louis. Amadou aliyeondoka mtoto hatimaye alirudi kwenye kisiwa chake, mahali ambapo adhana huskika mara 5 kwa siku.

TUMHUKUMU VIPI?

Turudi barazani sasa. Ni shujaa, au ni mlevi?

Yule kijana wa kwanza alikuwa na hoja. Pombe ni haramu, na hatuihalalishi kwa sababu mnywaji alikuwa bingwa wa dunia au kwa sababu wakoloni walimdhulumu. Ugomvi wa barabarani si ushujaa. Kuwatupa wake na kuharibu mali ni dhuluma juu ya nafsi na juu ya wengine. Tukiyafunika haya eti kwa kuwa ni Muislamu mwenzetu, tutakuwa tunawadanganya vijana.

Lipo pia swali la ndondi zenyewe. Mtume (SAW) amekataza kupiga uso, na ndondi lengo lake ni uso na kichwa. Mwaka 1987 baraza la fiqhi la Rabita kule Makka lilitoa uamuzi kwamba ndondi za namna hii hazifai katika sheria yetu, kwa sababu ya madhara yake. Mwenye shaka na amkumbuke Mkenya mwenzetu Robert Wangila. Alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, taifa zima likashangilia, na Julai 1994 akafariki Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni akiwa kijana bado. Kwa hivyo tukisimulia maisha ya Siki hatumwambii mtu akanunue glavu.

Lakini na yule kijana wa pili alikuwa na hoja. Sehemu kubwa ya sifa mbaya ya Siki imetoka kwa watu waliokuwa na sababu ya kumchafua. Waliandika mtu wa msituni, ilhali ni mtu wa mjini. Waliandika mjinga wa Dublin, ilhali walimfungia milango mengine yote. Ikiwa walidanganya katika yale tunayoweza kuyapima, basi na yale tusiyoweza kuyapima tuyapokee kwa tahadhari. Na Mtume (SAW) ametukataza kuwatukana waliokufa, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza.

Mimi naona hivi. Kipaji ni amana kutoka kwa Allah (SWT), na amana ina maswali mawili: umeitumiaje, na umeilinda vipi? Kwa swali la kwanza, Siki ana siku moja nyeupe. Siku ile alitakiwa kukiuza kipaji chake na akakataa katikati ya njia, na kukataa kwake kukawaonyesha Waafrika wa zama za ukoloni kwamba bwana naye huanguka. Siku hiyo hapokonywi na mtu. Kwa swali la pili alishindwa, na alishindwa vibaya. Mtume (SAW) alitufundisha kwamba mwenye nguvu wa kweli ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Siki alimshinda Carpentier, na nafsi yake ikamshinda yeye. Yote mawili ni kweli, na mwenye kusimulia moja akaacha jengine amepunja mizani.

Hukumu ya mwisho ni ya Mola wake. Sisi yetu ni kutazama nani mwengine ana sehemu katika lile anguko. Walikuwa wapi watu wake? Diagne alimtetea bungeni, na Allah amlipe, lakini hotuba haimshiki mtu mkono saa 8 usiku. Wa kunywa naye alikuwa nao. Hajulikani aliyemwita kwa jina la Amadou na kumwambia turudi nyumbani.

MAFUNZO KWETU

Vijana wenzangu, mitaani kwetu wako kina Siki wengi. Kuna mwenye mguu wa mpira, mwenye sauti, mwenye akili ya kompyuta. Tunawashangilia wakishinda. Wakianza kuteleza na muguka, na vidonge, na kamari za simu, tunahama baraza na kuwaachia jina la wahuni. Mechi bado zinauzwa, na kijana mwenye njaa bado anaambiwa aanguke apewe pesa. Wa kumsaidia asimame si gazeti, ni sisi aliokua nasi chuoni.

La pili, ulimi. Swaumu si ya tumbo peke yake. Kabla hujapeleka mbele kwenye simu habari ya kumvunjia mtu heshima, jiulize imetoka kwa nani na anafaidika vipi. Kuna mtu alibebeshwa jina la nyani, na karne nzima imepita bado watu wanalirudia jina hilo.

La tatu, hakuna aliyechelewa. Kama umeshaingia katika mpango wa haramu, umeshachukua hatua ya kwanza na ya pili, usiseme basi imekwisha. Siki alikuwa ameshaanguka mara mbili alipoamua kwamba ya tatu haitakuwepo. Ramadhan ndiyo raundi yetu ya 4. Tuinuke.

Twamuomba Allah (SWT) amsamehe Amadou M'Barick Fall makosa yake, amlipe kwa jema alilolifanya, na atusamehe sisi tulio hai na bado tuna nafasi. Atutakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.